Ukienda Japani jifunze kutupa takataka kabla hata ya kujifunza treni (kwa watu wa Kigoma)

Kila mwaka kuna watu wa kwetu wanaondoka kwenda Japani, wengine kwa skolashipu, wengine mafunzo ya miezi michache, wengine wamepata mwenza huko, na maswali wanayouliza kabla ya safari ni yale yale, baridi ikoje, chakula kikoje, hela itatosha? Habari ya takataka haulizi mtu. Halafu wiki ya kwanza tu mfuko umejaa jikoni, hujui uupeleke wapi, hujui lini, ukitoka nje hakuna pipa, hakuna shimo, hakuna kizimba, barabara nyeupe pee. Ndo maana naandika hii, na itakuwa ndefu kidogo mnivumilie. Nimekaa huko, saivi niko zangu Mwanga hapa Kigoma, na nina uhakika mtu akielezwa hili mapema ataishi vizuri na majirani zake hata kama lugha bado inamgonga.

Kwanza tuiondoe ile habari kwamba wenzetu wamezaliwa wasafi, nidhamu iko kwenye damu, sisi hatuwezi. Mimi siikubali hata kidogo. Mwaka 1971 gavana wa Tokyo, Minobe Ryokichi, alitangaza vita ya takataka, vita kabisa, maana jiji lilikuwa limeelemewa. Wilaya ya Koto ndo ilikuwa inabeba taka za wilaya zingine, malori yanapita kutwa, harufu, nzi mpaka ndani ya nyumba za watu, wakati huohuo kule Suginami wakazi walikuwa wanakataa tanuru la kuchomea taka lisijengwe kwao. Ikafika mahali watu wa Koto wakazuia malori ya Suginami yasipite. Sasa hao ndo unaowaona leo wanaosha kopo la maziwa kabla ya kulitupa. Nagoya nako mwaka 1999 jiji liliachana na mpango wa kufukia taka kwenye tope la Fujimae, pale ufukweni ambapo ndege wahamaji wanatua kula, na kwa kuwa dampo lililokuwepo lilikuwa linakaribia kujaa wakatangaza hali ya dharura ya taka, wakaanza kutenganisha nyumba kwa nyumba, na ndani ya miaka miwili taka zilipungua kwa zaidi ya asilimia 20. Tope lile likabaki la ndege, na mwaka 2002 likaingia kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya kimataifa ya ardhi oevu zinazolindwa, orodha ileile yenye bonde letu la Malagarasi na Moyowosi. Yaani walibanwa, wakakubaliana, wakafundishana. Ukilielewa hilo hutaona kero, utaona umeingia kwenye makubaliano ya watu.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kitu cha kwanza kushika ni kwamba hakuna utaratibu mmoja wa Japani nzima. Kuna sheria za taifa, kubwa ni ile ya vifungashio ya mwaka 1995, ambayo iligawa kazi hivi: mkaaji anatenganisha, halmashauri inakusanya, na kampuni zinazotengeneza au kutumia vifungashio zinachangia gharama ya kuvichakata. Ila makundi mangapi, siku gani, mfuko wa rangi gani, hayo kila mji unaamua wenyewe. Kuna kamji kadogo kako milimani kwenye kisiwa cha Shikoku kanaitwa Kamikatsu, watu hawafiki hata elfu moja na mia tano, wao wanatenganisha makundi zaidi ya 40, hawana gari la taka, kila mtu anabeba zake mpaka kituoni, na mabaki ya chakula yanaozeshwa mbolea nyumbani. Kuna mji wa Osaki kule mkoa wa Kagoshima, makundi zaidi ya 20. Ukiwa Tokyo utakutana na machache kuliko hayo. Kwa hiyo rafiki yako aliyeko mji mwingine akikwambia plastiki changanya tu na taka za kuchoma, usimsikilize, anasema ya kwake. Hata ukihama wilaya ndani ya jiji hilohilo uliza upya.

Utaulizia wapi? Ukishapata pa kukaa una siku 14 za kwenda ofisi ya manispaa kuandikisha anuani. Hapohapo dirishani, kabla hujaondoka, omba kalenda ya taka. Sema tu gomi karendaa, wataelewa. Ni karatasi moja kubwa au kijitabu, siku zote za mwaka zimepakwa rangi, kila rangi na aina ya taka, na miji mingi ina matoleo ya Kiingereza, Kichina, Kireno, Kivietinamu. Cha Kiswahili sijawahi kukiona, chukua cha Kiingereza. Hakikisha wamekupa ya mtaa wako maana mitaa ya mji mmoja inapishana siku. Bandika kwenye mlango wa friji, usiweke kwenye droo. Miji mingi pia ina apu ya simu, unaandika jina la kitu, mfano mwavuli, inakwambia ni kundi gani, na jioni inakukumbusha kesho ni siku ya nini.

Halafu mfuko. Usinunue mfuko wowote kabla hujauliza. Miji mingi ina mifuko yake rasmi inauzwa supamaketi na kwenye vile viduka vya masaa 24, na bei ya mfuko ndo ada yako ya taka. Kyoto kwa mfano mfuko wa njano ni wa taka za kuchoma, wa lita 45 ni yeni 45, wa lita 10 ni yeni 10, kwa hiyo ukizalisha taka nyingi unalipa zaidi, ukipunguza unaokoa hela yako, na mimi naona hii ni haki kuliko ile ya kila nyumba kulipa sawa, bibi anayeishi peke yake analipa kama nyumba yenye watu kumi na mbili. Wilaya 23 za Tokyo kwa kawaida hazilazimishi mfuko maalum, ila lazima uwe unaonyesha ndani. Mfuko mweusi usithubutu. Mzoaji anatakiwa aone anachobeba, na kuna miji unaandika na jina lako juu kabisa.

Sasa makundi. Yapo manne makubwa utakayokutana nayo karibu kila mahali, mengine ni matawi tu.

La kwanza moeru gomi, taka za kuchoma. Mabaki ya chakula, karatasi chafu, pampasi (ukishatoa choo ukamwaga chooni), vitambaa vilivyochakaa kabisa. Hili linachukuliwa mara mbili kwa wiki sehemu nyingi. Na hapa niseme ukweli ambao watu wengi hawaujui, Japani sehemu kubwa sana ya taka za nyumbani inachomwa, kwenye matanuru makubwa yenye vichujio vya moshi, mengine yanazalisha umeme humohumo. Zinazorejelezwa nchi nzima ni kama asilimia 20 tu. Kwa hiyo usifikirie kila unachotenganisha kinazaliwa upya. Kutenganisha kuna kazi mbili, kuokoa kinachookoka, na kuhakikisha kinachochomwa kinachomeka vizuri, maana maji yakiwa mengi moto unapoa. Ndo maana utaambiwa ukamue maji ya mabaki ya chakula, kwenye sinki zao kuna kachujio kadogo, unakaacha kachuje usiku, asubuhi unakamua kwa mkono ndo unatia mfukoni.

Sisi watu wa ziwani hapa kuna jambo letu. Samaki. Huko ukipata samaki mzima utataka umpare mwenyewe kama migebuka, na kiangazi chao, Julai na Agosti, kuna joto lenye unyevu ambalo hata mtu wa Ujiji atalalamika. Ukiparua samaki Jumanne na taka za kuchoma ni Ijumaa, hizo siku tatu utumbo na magamba ukiyaacha kwenye pipa la jikoni, ghorofa nzima itakujua. Wenyeji wanafanya hivi: wanafunga utumbo kwenye gazeti, wanatia kwenye kimfuko, wanafunga, wanaweka kwenye friza mpaka asubuhi ya siku yake. Mwanzoni utaona ajabu kuweka uchafu kwenye friza karibu na chakula, lakini ukifunga vizuri hakuna shida na harufu hakuna kabisa. Njia nyingine bora zaidi ni kupara samaki jioni ya kuamkia siku ya taka, panga mapishi yako kwa kalenda.

Na mafuta ya kupikia. Usimwage sinki, popote pale ulipo, huko ndo kabisa. Supamaketi wanauza unga unaoutia kwenye mafuta yakiwa bado ya moto, yakipoa yanaganda kama mshumaa, unayabandua na kutupa na taka za kuchoma. Au unayanyonyesha kwenye magazeti au tambara. Ukiwa umebeba mawese yako kutoka nyumbani, wakati wa baridi yanaganda yenyewe bila unga wowote, kijiko tu na gazeti kazi imeisha.

Kundi la pili moenai gomi, zisizochomeka. Vyungu, glasi, sufuria, pasi, visu. Hii inapita mara chache, Tokyo ni mara mbili kwa mwezi, ukiikosa unakaa na sufuria lako bovu wiki mbili. Kilichovunjika au chenye ncha kifunge kwenye gazeti nene halafu andika juu neno la hatari kwa Kijapani, 危険, linakili hivyohivyo kutoka hapa. Usiliruke hili, kuna binadamu atashika huo mfuko kwa mkono. Makopo ya kupulizia, ya dawa ya mbu au ya nywele, na vile vimitungi vidogo vya gesi vya jiko la mezani, tumia mpaka viishe kabisa. Kuna miji wanataka uvitoboe na kuna miji wamekataza kutoboa, angalia kalenda, na betri hasa zile za kuchaji za simu na pawabenki zina siku yake au sanduku lake maalum. Usizichanganye na kitu kingine hata moja. Zikibanwa ndani ya gari la taka zinawaka moto, magari yameungua kweli.

Kundi la tatu ndo lenye kazi, shigen, mali inayorudi. Chupa za glasi, makopo, chupa za plastiki, magazeti, maboksi, nguo. Hapa ndo utaona utofauti wa mtu aliyeelezwa na ambaye hajaelezwa. Chukua chupa moja tu ya chai ya baridi, zile zinazouzwa kwenye mashine za barabarani. Unainywa yote. Unafungua kifuniko. Unatafuta kwenye lile karatasi la nailoni linalozunguka chupa, kuna mstari wa vitundu vidogo vidogo umetobolewa makusudi, unauvuta linachanika lote mara moja, hakuna gundi. Unasuuza kwa maji kidogo, unatikisa, unamwaga. Unaikanyaga ikawa bapa. Sasa kitu kimoja kimekuwa vitatu, chupa inaenda kwenye kundi la PET, yenye alama ya pembetatu na namba 1, kifuniko na nailoni vinaenda kwenye kundi la vifungashio vya plastiki, yenye alama プラ (inasomwa pura, kifupi cha plastiki). Sekunde thelathini. Na hiyo chupa ni nyeupe, haina rangi, sio bahati mbaya, watengenezaji wa vinywaji wa huko walikubaliana tangu mwaka 2001 kuacha chupa za rangi kwa sababu za rangi zinaharibu mzigo kwenye kuchakata. Unaona hapo, mwenye kiwanda kalainisha kazi yake, na wewe unalainisha yako, kila mtu na kipande chake.

Vile vifungashio vya plastiki sasa, trei ya nyama, mfuko wa tambi, kikopo cha yogati. Kanuni ya wengi ni hii, kama kinasafishika kwa maji kidogo kisafishe kiende kwenye plastiki, kama kina mafuta hayatoki kiende kwenye kuchoma. Usitumie maji moto na sabuni nusu saa kuosha mfuko wa mayonezi, hawakuombi hivyo. Kuna wilaya hazitenganishi kabisa plastiki laini, zinachoma, ndo maana nilisema uliza kwanza. Maboksi ya maziwa unasuuza, unakata kwa mkasi yakae bapa, unakausha, unafunga na kamba, supamaketi nyingi zina sanduku la kuyapokea mlangoni na yanakuwa karatasi za chooni. Magazeti na maboksi yafunge kwa kamba kama mzigo wa kuni, ila usichanganye gazeti na boksi kwenye fungu moja, na usiyatie kwenye mfuko wa nailoni.

La nne sodai gomi, vikubwa. Kiti, godoro, baiskeli, kabati. Tokyo kitu chochote chenye upande unaozidi sentimita 30 kinaingia humu. Utaratibu wake: unapiga simu au unajaza mtandaoni, unaelezea kitu, wanakupa tarehe na bei. Unaenda kwenye kiduka unanunua stika za thamani hiyo, Tokyo zipo za yeni 200 na za yeni 300 unazijumlisha, unaandika jina au namba uliyopewa, unabandika, asubuhi ya tarehe hiyo unatoa nje. Ukitoa bila stika hawachukui. Tarehe inaweza kuwa wiki mbili mbele, mwezi wa tatu ambapo watu wengi wanahama ni mbali zaidi, kwa hiyo kama unamaliza masomo na kurudi nyumbani Machi piga simu mapema kabisa, Februari. Hili nalisisitiza kwa wanafunzi. Usiondoke ukaacha godoro kwenye korido, anayebeba aibu ni Mwafrika anayefuata kuomba chumba kwenye nyumba hiyo.

Friji, tivii, eyakondishena na mashine ya kufulia sio sodai. Hivyo vina sheria yake tangu Aprili 2001, unalipa ada ya kuchakata na kubebesha, njia rahisi ni duka lililokuuzia au unaponunua kipya. Utaona vigari vinapita mtaani na spika vinatangaza vinachukua vitu vibovu bure, achana navyo, wengi hawana leseni, mwishoni wanakudai hela au wanaenda kuvitupa porini. Na kutupa ovyo huko ni jinai, kifungo mpaka miaka 5 au faini mpaka yeni milioni 10, na kwa mgeni mwenye viza hilo halihitaji maelezo.

Haya, umeshatenganisha. Kutoa nje nako kuna adabu yake. Ni asubuhi ya siku hiyohiyo, kabla ya saa mbili, sio usiku wa jana. Usiku kuna paka, kuna watu wanaowasha moto, na alfajiri kuna kunguru, kunguru wa Japani ni wakubwa na wana akili, anachana mfuko anatandaza kila kitu barabarani. Ndo maana kituo cha taka, ambacho mara nyingi ni kipande tu cha ukuta kando ya barabara, kina wavu wa kijani au wa bluu. Unainua wavu, unaweka mfuko katikati, unarudisha wavu uguse chini pande zote. Sio kurushia juu.

Kituo hicho hakifagiliwi na jiji. Kinafagiliwa na wakazi, kwa zamu, kupitia umoja wa mtaa. Mtaa niliokaa kulikuwa na mzee mstaafu, kila siku ya taka gari likishaondoka anashuka na fagio na ndoo ya maji, anaokota vilivyodondoka kwa koleo refu la chuma, anamwagia sakafu, anakunja wavu mara nne anautundika kwenye msumari, dakika kumi kamaliza. Hakuna anayemlipa. Ukikutana naye msalimie, ohayo gozaimasu, kwa sauti, kama unavyosema mwakeye ukipita mbele ya wazee kwetu. Zamu yako ikifika, kuna kibao kinapita nyumba kwa nyumba, kikining'inia mlangoni kwako wiki hiyo ni yako, fanya bila kukumbushwa. Niamini, ukifagia kituo wiki moja utakuwa umetambulishwa mtaani kuliko ungepita na zawadi nyumba zote.

Na mfuko wako ukiachwa? Utakuta gari limeondoka, mifuko yote imeenda, mmoja umebaki na stika yenye maandishi imeeleza kosa, labda siku sio yake, labda kuna kopo ndani. Usijifanye sio wako na usione umeonewa. Uchukue urudi nao ndani, ufungue, urekebishe, usubiri siku yake. Ukiuacha, yule mzee au jirani wa zamu ndo atalazimika kuufungua kwa mikono yake, na wanajua wa nani, bahasha moja tu ya barua ndani inatosha. Kama hujaelewa stika imesema nini piga picha, muulize mtu wa ofisini chuoni au jirani mwenyewe, watu wa huko wakiona unauliza wanafurahi, wengine watakuja mpaka jikoni kwako kukuonyesha.

Sasa na sisi hapa. Siwezi kuandika yote hayo nikaishia kwa wanaopanda ndege, maana mji wetu umekaa mlimani na ziwa liko chini. Mvua ya Novemba ikipiga Mwanga, kila kilichoachwa kwenye mitaro kinashuka, na kinakoshukia ni Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani, lenye mto mmoja tu unaotoka, Lukuga kule Kongo, yaani kinachoingia humo kinakaa. Na hatuanzii sifuri. Rambo tumeziacha tangu tarehe 1 Juni 2019 na mji ulibadilika tunaona wote. Chupa ya maji kwetu haitupwi hovyo kama inavyodhaniwa, inaoshwa inawekwa mawese, asali, maziwa. Vijana wa vyuma chakavu wanapita na mizani mpaka mlangoni. Maganda ya ndizi na muhogo yanaliwa na mbuzi. Kutenganisha tunatenganisha, ila kila nyumba kivyake, na kinachobaki tunakirundika pamoja kibichi na kikavu, au tunachoma uani na plastiki ndani, moshi watoto wanauvuta.

Kama nyumba kumi za mtaa mmoja zinataka kuanza, mimi ningesema msianze na mapipa ya rangi. Mapipa ya rangi yanakuja na mradi, mradi ukiisha yanakuwa ya kukingia maji. Anzeni na siku. Kaeni na mwenyekiti wa mtaa, mkubaliane siku moja ya kikavu, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo tayari ni ya usafi nchi nzima inatosha kuanzia. Kila nyumba iwe na viroba viwili na ndoo moja. Ndoo ni ya vinavyooza, vinaenda kwa mbuzi, kuku au kwenye shimo la mboji, shimo la mita moja kwa mita moja, unaweka tabaka la mabaki, tabaka la majani makavu, unafunika na udongo kidogo, unanyunyizia maji, unageuza kila baada ya wiki mbili tatu. Kwenye joto letu miezi mitatu hivi una mbolea ya mchicha na matembele. Kiroba cha kwanza ni cha vinavyouzika, vyuma, makopo, chupa za plastiki, vimeoshwa, vikikusanywa vya nyumba kumi mnunuzi anakuja mwenyewe na bei mnapanga nyie, hela iende kwenye mfuko wa mtaa kununulia fagio na koleo. Kiroba cha pili ni cha vilivyobaki, ndo hivyo vya gari la manispaa, na mtashangaa kilivyo kidogo.

Chupa iliyowahi kuwekwa dawa ya shambani au mafuta ya taa isirudi kwenye mawese hata ikioshwa vipi, itobolewe kabisa ili mtu asijaribiwe. Betri za tochi na za taa za kuvulia zisitupwe chooni wala kwenye shimo la mboji, ziwekwe kwenye kopo kavu lenye mfuniko nyumbani kwa mjumbe, likijaa mkaulize kwa afisa mazingira wa manispaa lipelekwe wapi. Vigae vya glasi vifungwe kwenye gazeti, kama kule.

Na siku hiyo ya kwanza kiroba kilichochanganywa kisipokelewe. Kiachwe palepale kilipo, na karatasi juu yake imeandikwa tu sababu, bila jina na bila kelele. Anayepita jioni kuangalia kama kimerudishwa ndani awe mama wa umri anayeheshimika mtaani, asiwe mgambo.